Natia Chumvi

Mhasibu ameniambia natia chumvi.
Mimi, Generoza, mwaka wa kumi na moja hapa Uvinza,
ninayeichota kwenye makarai ingali inatokota,
ninayeikung'uta kwenye shuka kabla ya kulala.
Kweli, bwana, natia.
Magunia arobaini kwa zamu.

Nilichouliza ni kidogo.
Niliuliza: hii elfu kumi na tatu na mia sita
iliyoandikwa "mfuko" kwenye karatasi yangu ya mshahara,
ambayo haiumwi, haichelewi, haiombi likizo,
inalala wapi?
Akasema inakwenda Kigoma.

Basi nami nikaenda Kigoma.
Niliomba ruhusa ya msiba (Mungu anisamehe,
nilimuua shangazi aliyekwisha kufa mwaka wa mafuriko),
nikakatwa siku,
nikapanda basi la alfajiri,
nikashuka Mwanga na viatu vya kuazima.

Ofisini kuna feni na foleni.
Namba sitini na mbili.
Binti wa dirishani, mpole, kucha safi,
akageuza kioo cha kompyuta nijionee:
Machi, Aprili, Mei za mwaka ule wa kwanza,
mistari mitatu kama meno ya mtoto,
halafu pengo.
Pengo mpaka chini.
"Mama, hapa mwajiri hajaleta."
Nikamuuliza mara mbili, akajibu mara mbili,
kisha akaniuliza kama nataka maji.

Nje nilinunua mgebuka mmoja wa kukaanga.
Nikamwambia muuzaji asiweke chumvi.

Njia nzima ya kurudi nilimfikiria Bukuru.
Mguu wake wa kushoto ulipozama kwenye maji yanayochemka
aliambiwa yeye ni kibarua, kibarua hana fidia.
Alipotaka kwenda kumzika pacha wake
aliambiwa yeye ni mwajiriwa, afuate utaratibu.
Buti tunakatwa. Glavu tunakatwa.
Mei Mosi tunagawiwa fulana, saizi moja kwa wote,
mgongoni jina la kampuni,
nazo, nasikia, tumekatwa.

Na mama Leokadia?
Wanasema mtu mzima amekula chumvi nyingi.
Yeye kaila miaka ishirini na sita,
kaila kwa macho, kaila kwa nyufa za vidole.
Siku ya kumuaga walipiga makofi
wakampa mfuko wa kilo ishirini na tano.
Wa nini?
Wa chumvi.

Jana tumelipwa.
Mwezi wetu hapa una siku thelathini na nane.
Mhasibu akasukuma daftari,
kidole chake kwenye mstari wa kumi na tisa.
"Saini."
Nikasema, nasoma kwanza.
"Miaka kumi na moja unasaini,
leo ndiyo umejua kusoma?"

Nilikuwa najua.
Darasa la saba, wa nne kati ya themanini na watatu.
Nilikuwa nawahi unga.

Nikasoma. Nikarudia juu.
Kulikuwa na kato jipya, limeandikwa "mengineyo".
Nikauliza mengineyo ni nini.
Akasema, mengineyo ni mengineyo.

Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna,
jua la saa nane, kila mtu na deni lake dukani.
Mmoja akasema, sogea mama, unatuchelewesha.
Nikaona haya, siwezi kudanganya.
Kalamu yenyewe ya ofisi, imefungwa kwa uzi
kama mbuzi.
Nilikwisha iinamisha
niliposikia mguu unaburutwa kwenye saruji,
na Bukuru, mkono ukutani, anahema:

"Generoza, soma kwa sauti.
Anza na jina langu."